Mboni Sita za Ghisulal

Zamani kitambaa cha mungu kikichakaa kilipelekwa ziwani Pushkar na kuzamishwa kwa nyimbo na vilio kama mzee wa ukoo aliyekata roho. Siku hizi kinapelekwa hotelini, kinatundikwa ukutani, na watu wanakunywa pombe chini yake na viatu vyao miguuni.

Ninavijua vitambaa hivyo, maana kwa miaka arobaini mikono hii ndiyo iliyovitengeneza kabla rangi haijavigusa. Kazi yangu hapa Shahpura ilikuwa kuloweka pamba nzito, kuipaka uji wa unga wa ngano, kuianika juani hadi ikakamaa kama ngozi ya ngoma, kisha kuisugua kwa jiwe mpaka ing'ae. Jiwe lenyewe lilikuwa la babu yangu. Sasa liko dirishani, linazuia karatasi zisipeperuke. Vijana wananunua kitambaa kilichong'arishwa kiwandani na rangi za kopo zinazonuka mafuta ya taa, wanamaliza mungu mzima kwa siku nne, na bado wanalalamika kwamba mgongo unawauma.

Mchoraji wangu alikuwa Ghisulal Joshi. Nasema wangu kwa sababu nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja mfupi, na mkewe Kesar alikuwa akinipitishia chai juu yake kila asubuhi bila hata kuinua visigino. Ghisulal alikuwa mtu mwembamba, sikio moja limesimama kuliko jingine, na akichora alitoa ncha ya ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Hakuwa mashuhuri. Amekufa sasa, msimu wa baridi wa nne huu, na hakuna gazeti lililoandika.

Lakini wachungaji wa ng'ombe walimjua. Mungu wao ni Devji, mpanda farasi, na nyumba yake haijajengwa kwa mawe. Nyumba yake ni kitambaa chenye urefu wa vyumba viwili, ambacho kuhani mwimbaji, bhopa, anakibeba begani kikiwa kimekunjwa. Akifika kijijini anakikunjua, anakisimamisha kwa fito, anawasha taa na kuimba maisha ya Devji picha kwa picha. Wachungaji hawafuati hekalu. Hekalu linawafuata wao na mifugo yao.

Ghisulal alichora kama baba yake alivyochora. Mstari wa kwanza kabisa uliwekwa na binti yake Sugna, alipokuwa bado hajaolewa, kwa kuwa lazima uwekwe na msichana. Kisha zikaja rangi, njano kwanza, halafu ya ngozi, kijani, nyekundu, buluu, na nyeusi mwisho. Watu wote kitambaani walipata macho. Farasi walipata macho, simba, nyoka, hata samaki wa kisimani. Devji peke yake, aliyekaa katikati mkubwa kuliko wote, aliachwa na macho meupe matupu. Mboni zake zilisubiri siku njema, bhopa mwenye kitambaa awepo, ubani ufukizwe. Ndipo Ghisulal alipotia nukta mbili, na pembeni mwa mungu akaandika jina lake na la bhopa. Kuanzia nukta hizo kitambaa kilikuwa kimeamka. Hukukivuka tena, hukukisogelea na viatu wala pombe, na kila jioni ulikiwashia taa.

Mwaka mmoja visima vilikauka mapema. Ghisulal alikuwa na vitambaa vitatu kwa mpigo, vya mabhopa watatu, vyote vimekamilika ila mboni. Siku njema ilikuwa bado mwezi na nusu, na vitambaa vilikuwa vimekunjwa ndani ya chumba chake cha kazi, juu ya kitanda cha kamba.

Ikafika siku ya chakula baridi. Siku hiyo hatuwashi jiko. Tunakula viporo vya jana na wote tunakwenda kwa mungu mke wa ndui kumwomba asitutembelee. Mtaa mzima huwa mtupu, wanabaki mbwa na jua. Tuliporudi, midomo yetu ina maziwa ya mgando, tulikuta mlango wa nje wa Ghisulal umefungwa kwa kufuli kama alivyouacha. Kitanda cha kamba kilikuwa kitupu. Juu ya ukuta mfupi, mahali pa kupitishia chai, palikuwa na alama ya soli ya kiatu.

Walipitia kwangu, yaani. Lango langu sikulifunga. Nani alikuwa akifunga lango wakati ule?

Polisi aliyeandika habari alikuwa akila karanga.

"Kimeibwa nini, mzee?"

"Mungu," akasema Ghisulal. "Watatu."

"Wana alama yoyote ya kuwatambua?"

"Hawana macho."

Polisi akaweka kalamu chini. "Sasa mzee wangu, hata nikiwapata, mashahidi wenyewe si hawakuona kitu?"

Wenzake wakacheka. Ghisulal naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Siku tatu hakugusa brashi. Kesar alikuwa akinipa chai bila kunitazama, nami niliipokea hivyohivyo. Siku ya nne alfajiri nikasikia sauti niliyoijua tangu utotoni, jiwe juu ya jiwe, polepole, kama ng'ombe anayecheua. Nikachungulia.

"Unasaga nini wewe?"

"Njano."

"Njano ya nini?"

"Hardev bhopa anakuja kuchukua kitambaa chake. Nimwambie Devji kasafiri?"

"Kitambaa huna, Ghisulal."

"Ndiyo maana nakaa hapa nakungoja wewe, mvivu mkubwa. Jua linatoka, hata maji hujachota."

Kesar akatoka ndani na mzigo wa pamba begani. Ilikuwa pamba nzito aliyoiweka miaka kwa ajili ya magodoro ya harusi ya Sugna. Akaiweka juu ya ukuta, juu kabisa ya ile alama ya soli.

"Shemeji, loweka."

"Na binti atalalia nini?"

"Atalalia akili ya mumewe, kama anayo. Loweka."

Nililoweka. Sijawahi kusugua kitambaa kama nilivyosugua kile. Jiwe lilipata moto mkononi. Ghisulal alichora tangu mwanga wa kwanza hadi wa mwisho, na nilipomuuliza anawezaje kukumbuka kila farasi mahali pake, alinijibu kuwa yeye hakumbuki kitu, mkono ndio umezoea njia. Hardev bhopa alipofika na wachungaji wake alikuta mungu anamsubiri na macho meupe. Mboni zikatiwa. Hardev alilia, mtu mwenye masharubu kama mikia miwili ya ng'ombe. Mwaka uliofuata wale mabhopa wengine nao wakapata vyao.

Watu wakasema, basi, yamekwisha. Nami nilidhani hivyo. Lakini asubuhi moja, chai ikiwa mkononi, Ghisulal akanisimulia ndoto.

"Nimewaona," akasema. "Wote watatu. Wako kwenye nchi ya vumbi jeupe, haina mti wala kivuli. Wamepanda farasi. Mikono wameinyoosha mbele, wanapapasa hewa."

"Wanakwenda wapi?"

"Wanakokwenda farasi. Farasi wanaona, Bhura. Niliwatia macho. Wao ndio hawaoni."

"Walisema neno?"

"Waliniita jina la utotoni, analolijua mama yangu tu."

Ndoto hiyo ilimjia tena na tena, miaka kumi na mmoja. Baadhi ya siku vumbi lilikuwa hadi magotini mwa farasi. Siku nyingine kulikuwa na mto, na Devji watatu walisimama ukingoni wakisikiliza maji, hawajui kama ni maji au ni watu wanaonong'ona. Ghisulal alisimulia kama mtu anayeeleza alichokiona sokoni, na mimi nikazoea kuuliza habari zao kama unavyouliza za jamaa walio mbali. Wamefika wapi? Bado wanakwenda. Farasi wamechoka? Mmoja anachechemea, yule mweusi, niliharakisha mguu wake wa nyuma.

Kisha macho yake mwenyewe yakaanza kuingia ukungu. Mtaani wakanong'ona kwamba ndiyo adhabu, mtu akimwacha mungu gizani mungu naye anamzimia taa. Ghisulal alisema ni mtoto wa jicho tu, baba yake alikuwa naye. Lakini madaktari wa kambi ya macho walipokuja shuleni, wakapasua wazee arobaini kwa siku mbili, yeye hakwenda.

"Nitakwenda nikishawapa wao," akasema.

"Baba Sugna," Kesar akamjibu, "mungu hakukuomba uwe kipofu pamoja naye. Yeye mwenyewe angekuwa jirani na shule angekwenda kambini."

"Mboni sita tu, Kesar. Nikizitia, nitakwenda."

"Na usipowapata?"

Alikuwa bado anachora, kwa kusogeza uso hadi shibiri moja kutoka kwenye kitambaa, lakini kila mwaka shibiri ile ilipungua, na sote watatu tulikuwa tukiipima kimyakimya.

Mwaka wa kumi na mbili gari jeupe likasimama mtaani kwetu. Akashuka kijana nadhifu, jina lake Singhvi, msimamizi wa hoteli moja kubwa huko Udaipur, kando ya ziwa. Jina la hoteli silitaji, haistahili. Akavua miwani ya jua, akamwinamia Ghisulal hadi magotini.

"Shikamoo, baba. Nimeambiwa wewe ndiye mchoraji wa mwisho wa njia ya zamani."

"Waliokuambia wanakusudia kuniua mapema. Kaa unywe chai."

Singhvi akakaa. Akaeleza kwamba wana vitambaa vitatu vya kale, vya thamani kubwa, walivyonunua kwa mfanyabiashara wa Delhi. Tatizo ni moja. Yule mtu wa katikati hana macho, na wageni wanalalamika.

"Wanalalamika nini?" nikauliza.

"Wanasema anawatazama."

Ghisulal aliweka kikombe chini.

"Farasi mweusi," akasema. "Mguu wa nyuma. Ni mfupi kidogo?"

Singhvi akatabasamu. "Umekijua, baba! Kumbe mlikuwa na mtindo mmoja ninyi wa zamani."

Tulikwenda kesho yake ndani ya gari lile, mimi nikiwa nimeshika mapajani debe lenye vikopo vya rangi zake zote. Kesar alisaga nyeusi mwenyewe, kwa masizi ya taa na gundi ya mti. Alimfungia mumewe brashi ndogo kuliko zote ndani ya kitambaa, akamwambia, "Wasalimie."

Ule ukumbi wao sitausahau. Sakafu ya marumaru, baridi ya mashine, muziki usio na mwimbaji. Tulivua viatu mlangoni, na bawabu akacheka, akasema hapa si lazima, wazee. Na hapo walikuwepo, ukuta mzima, wote watatu, rangi zile zile za kusaga kwa mkono, nyekundu isiyopauka. Nilihisi kama nimeingia kwenye ndoto ya mtu mwingine na nikakuta anaijua sura yangu. Pembeni mwa kitambaa cha pili niliuona uzi wa buluu, mahali niliposhona mchaniko kwa kukosa uzi mweupe.

Chini yao palikuwa na kibao. Mimi nilijifunza kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa rangi, hivyo nasoma polepole lakini sisahau. Nikamsomea Ghisulal: "Karne ya kumi na tisa. Mchoraji hajulikani."

"Karne ya kumi na tisa!" akasema. "Kumbe mimi ni marehemu. Ndiyo maana miguu inaniuma."

Sikuweza kucheka. Nikamgeukia Singhvi nikamwambia hivi ni vyetu, viliibwa siku ya chakula baridi, na huu hapa uzi wangu.

"Baba mdogo," akasema, hakukasirika hata kidogo, "uzi wa buluu uko nchi nzima. Tuna stakabadhi. Jina lenu liko wapi hapo?"

Jina halikuwepo. Jina huandikwa pamoja na mboni.

"Basi wewe turudishie tu," Ghisulal akamwambia. "Nitakuchorea vingine vitatu. Vipya, vizuri kuliko hivi. Na macho nitatia ya kutazama, hayana mungu ndani."

Singhvi alimtazama kwa huruma kama anavyotazamwa mtoto. Akasema wageni wanataka vya kale. Akasema ni nukta sita tu, baba, dakika mbili, kisha mle chakula.

Ghisulal akaenda kugusa. Alipapasa farasi mweusi, kisha samaki, kisha kifua cha Devji, na mikono yake ilikuwa imenyooka mbele kama ile aliyonisimulia. Halafu akaniita kando.

"Bhura. Mimi mbali sioni. Niambie kuna nini mbele yao, wanapotazama."

"Achana na hayo, tia mboni twende."

"Niambie ukweli."

Nikamwambia. Kuna rafu ya chupa, futi kumi na mbili. Kuna runinga, watu wanacheza kriketi. Kuna mwanamume mnene amelala kinywa wazi, na mwanamke ameweka miguu na viatu juu ya meza, nyayo zimemwelekea Devji wa kati.

"Taa?"

"Taa ziko nyingi. Ya kwao haipo."

"Na wimbo?"

"Huu unaousikia."

Akaifungua brashi. Miaka kumi na miwili alikuwa amebeba mboni zile, amekataa kisu cha daktari kwa ajili ya hizo, na sasa brashi ilikuwa mkononi na ukuta mbele yake.

"Nikiwafumbua," akasema, "watakaa hapa wakitazama hayo mpaka lini?"

"Mpaka kitambaa kioze. Na kwa baridi hii hakiozi."

"Na nikiwaacha, wanarudi vumbini."

Nikamfungulia debe la rangi. Mimi ni mtu wa uji wa ngano na jiwe.

Akaomba ngazi. Akaomba sakafu ifagiliwe na muziki uzimwe, na ajabu ni kwamba Singhvi aliwaambia wazime. Nikamshika miguu. Akasogeza uso hadi pua ikagusa shavu la Devji, ulimi ukatoka kidogo, na akaanza. Haikuwa nukta. Nilijua kwa mkono, maana nukta ni kugusa na kuondoka, na mkono wake ulikuwa ukitembea, pole, kama wa mama anayempaka mtoto wanja. Saa nzima kwa wa kwanza. Wa pili, saa nzima. Kwa wa tatu alipumzika mara mbili, paji lake kwenye paji la mungu.

Aliposhuka, Singhvi akaja mbio.

"Baba! Umefanya nini? Umewafumba macho!"

Ilikuwa hivyo. Nyeupe yote ilikuwa imefunikwa na kope, rangi ya ngozi, na chini yake mstari mmoja mweusi uliopinda, na nyusi zimetulia. Baba yake Ghisulal hakuwahi kuchora hivyo, wala babu. Hakuna aliyewahi.

"Sikuwafumba," akasema Ghisulal. "Wamelala."

"Nilikuomba macho!"

"Na hayo ni nini? Yako mle ndani, yote sita. Mtu akilala anakuwa hana macho? Huyu bwana hapa kinywa wazi, ana macho au hana?"

Singhvi angesema mengi, lakini yule mwanamke alikuwa ameshusha miguu mezani. Alisimama mbele ya Devji wa kati, kikombe mkononi, akasema jambo kwa sauti ya chini kwa mwenzake, na mwenzake naye akanyamaza. Singhvi akawatazama wageni, akawatazama miungu, akaanza kufurahi. Nadhani hadi leo anawaambia watu ni mtindo adimu wa karne ya kumi na tisa.

"Jina utaandika?" akauliza.

"Wakiamka," akasema Ghisulal.

Alikwenda kambi ya macho mwaka uleule, akapasuliwa jicho moja, akachora vitambaa vinne zaidi kabla ya kufa, na ile ndoto hakuniambia tena. Nilipomuuliza habari zao, alisema farasi wamefunguliwa hatamu, wanakula majani. Lakini hayo yalikuwa baadaye. Siku ile tulikuwa bado ukumbini, mimi nimebeba debe, yeye ameshika bega langu, na mashine ya baridi ilikuwa ikipuliza kutoka darini, vitambaa vyote vitatu vikipanda na kushuka taratibu ukutani.

"Wanapumua?" akaniuliza.

"Wanapumua."

Bawabu alitusogezea viatu vyetu. Ghisulal akavikwapua, akavibana kwapani, akanionyesha kwa kidole nami nifanye vivyo hivyo. Tukauvuka ukumbi ule kwa ncha za vidole, wazee wawili pekupeku, kati ya meza na chupa, na yule mwanamume mnene alipokoroma Ghisulal akamgeukia akamwambia "Shhh." Mlangoni nikageuka, nikawatazama mara moja, na tangu siku hiyo sijawaona tena.